WALIOIUA FILAMU HAWAKUULIZA MTU

Ndugu wanachama,

Juma lililopita tulikuwa tukinywa chai karakanani, tukizungumza habari ya mpiga picha wa mlango wa stesheni ambaye kamera yake imekosa filamu. Ndugu mmoja akatukatiza akasema, "Filamu ya picha yatuhusu nini sisi watu wa reli? Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Na azoee." Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka, na tumeona yafaa kumjibu humu mbele ya wote, kwa kuwa neno hilo la "azoee" ndilo lile lile wanalolisema matajiri juu yetu kila wanapotaka kuondoa mashine na watu wake.

Kwanza tuseme filamu yenyewe ni kitu gani, maana wako vijana wasioijua. Ni filamu ya picha za papo hapo. Mmarekani mmoja, Edwin Land, aliionyesha watu mara ya kwanza mwaka wa 1947, na kampuni yake ya Polaroid ikaanza kuiuza mwaka wa 1948. Namna iliyowafaa sana wapiga picha wa pasipoti ni ile ya kuvuta. Kila karatasi ina kifuko kidogo cha dawa. Ukiivuta, hupita kati ya roli mbili za chuma, kifuko kinapasuka, dawa inaenea; unangoja dakika moja au mbili, unabandua, na picha ni hii. Hakuna chumba cha giza, hakuna kupeleka picha kuoshwa mjini. Mteja anayetaka picha ya kitambulisho anaondoka nayo mkononi, na mpiga picha amekwisha kupata fedha yake ya unga.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyouawa. Mwezi wa Februari 2008 kampuni ya Polaroid ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza filamu zake zote. Ilikuwa na viwanda Massachusetts huko Marekani, na Mexico, na Uholanzi. Wapiga picha wa ile ya kuvuta wakakimbilia kwa Wajapani wa Fujifilm, ambao filamu yao iliingia katika kamera nyingi za zamani za Polaroid. Mwaka wa 2013 Fujifilm wakaacha ile nyeusi na nyeupe, FP-3000B. Februari 2016 wakatangaza kuacha FP-100C, ile ya rangi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutoka kiwanda kikubwa chochote. Basi mtu aliyekuwa na kamera nzima, isiyo na hata skurubu iliyolegea, amebakiwa na chuma kitupu.

Hapo ndipo watu wa reli wangepaswa kuelewa upesi kuliko watu wote. Injini ikikosa kipuri, fundi wetu anapima, anakereza chuma, anakitia mahali pake, na injini inaondoka. Lakini filamu haikerezwi. Haina fundi wa mtaani. Siri yake iko kiwandani, na mwenye kiwanda akifunga mlango, amefunga milango ya wapiga picha duniani kote, watu ambao hakuwaajiri wala hawajui hata majina.

Watatuambia kwamba biashara ilikuwa imepungua. Ni kweli, hatubishi. Fujifilm walisema wateja wamepungua, nasi hatudai tajiri alazimishwe kutengeneza kitu kisichonunuliwa. Lakini "wamepungua" si "wamekwisha". Mara nyingi faida ipo, ila ni ndogo kwa tumbo la mkubwa. Na kama yeye hashibi, kwa nini avunje chungu ambacho wengine wangepikia?

Msidhani tunasema ndoto. Katika mji wa Enschede, Uholanzi, kiwanda cha Polaroid kilimaliza kazi mwezi wa Juni 2008, na mashine zilikuwa zikingoja kuvunjwa. Alikuwako pale mhandisi wa kiwanda, André Bosman, akakutana na Florian Kaps wa Austria aliyekuwa akiuza filamu hizo. Wakatafuta fedha, wakanunua mashine kwa dola milioni 3.1, wakakodi jengo, wakachukua wafanyakazi kumi hivi wa zamani. Kufuata dawa zile zile hawakuweza, kwani vitu vingi vilivyotumika vilikuwa havitengenezwi tena. Iliwabidi waanze upya. Machi 2010 wakatoa filamu yao ya kwanza. Tusidanganyane, ilikuwa dhaifu na ghali. Picha 8 katika pakiti badala ya 10, na usipoikinga na mwanga mara itokapo, imeharibika. Lakini walishikilia, ikatengenezeka, na kiwanda kile kinafanya kazi mpaka leo; tangu 2020 kinauza kwa jina lile lile la zamani, Polaroid.

Kaps ni mfanya biashara, hatumtii katika hesabu ya watakatifu. Tena hakushinda kila mahali: alikwenda kuzungumza na Wajapani juu ya ile ya kuvuta, na filamu haikurudi. Shabaha yetu ni hii. Pale Enschede mashine ziliuzwa kabla ya kuvunjwa, na waliozijua kwa mikono walikuwa hawajatawanyika. Kama wangechelewa kidogo, hata dola milioni mia zisingerudisha kitu.

Na hao wakubwa walioamua, je, walikuwa watunzaji wazuri wa mali? Mwaka wa 1988 wafanyakazi wa Polaroid huko Marekani walianza kukatwa asilimia 8 ya mshahara ili wawe na hisa katika kampuni, wakati tajiri mwingine alipotaka kuinunua. Waliambiwa ni mali yao. Mwaka wa 2001 kampuni ikafilisika, na hisa zile zikawa senti chache. Mtu ametumika miaka thelathini, akiba yake haimtoshi viatu. Mwaka wa 2005 jina la Polaroid likanunuliwa na bwana Tom Petters, na ni chini yake filamu ilikatwa. Mwaka wa 2010 huyo Petters alihukumiwa kifungo cha miaka 50 kwa utapeli mkubwa wa fedha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na haki ya kusema filamu ife, na fundi wa mashine hakuwa nayo!

Wako watakaosema mfanyakazi hana neno juu ya kitu anachokitengeneza, kazi yake ni kulipwa na kwenda nyumbani. Wafanyakazi wawili wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, hawakukubali hivyo. Mwaka wa 1970 waligundua kwamba picha za papo hapo zinatumika kutengeneza pasi za kuwabana Waafrika huko Afrika Kusini. Sisi ambao babu zetu walivaa kipande shingoni twajua maana yake. Wakapiga kelele mlangoni mwa kampuni yao wenyewe. Hunter akafukuzwa kazi mwaka wa 1971, lakini mwaka wa 1977 Polaroid ikaacha biashara yake Afrika Kusini. Ikiwa mfanyakazi aweza kuuliza filamu inakwenda wapi, aweza pia kuuliza kwa nini inakoma.

Kwa hiyo twadai hivi, kwa wapiga picha na kwetu pia. Tajiri akitaka kuacha kutengeneza kitu ambacho wengine wanakilia chakula, awaambie mapema, wafanyakazi wake wakiwa wa kwanza kusikia na si wa mwisho kusoma gazetini. Mashine asizivunje kabla ya kuwauliza wanaoweza kuziendesha. Na dawa, au mchoro, au kipimo chochote asichokitaka tena, asikifungie kabatini.

Hapa kwetu hakuna kiwanda cha filamu. Ziko mashine karakanani ambazo zimefunikwa turubai, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tumemwandikia katibu wa tawi kwamba katika mapatano yajayo kiwemo kifungu cha kutaka mashine yoyote isiondolewe kabla chama hakijaonyeshwa sababu. Barua itasomwa katika mkutano wa tawi wa mwezi huu. Yule ndugu wa chai aje aseme hoja yake, tutamsikiliza. Mpiga picha wa mlango wa stesheni naye tumemwalika. Amebakiwa na pakiti moja, iliyopita tarehe yake zamani, na amesema ataileta.

Wenu katika kazi,
Sisi wa Karakana