Jenereta Zetu Hazijaleta Maji



Leo nataka nizungumzie umeme, lakini si umeme wa taa. Giza tumelizowea, kwa kibatari tumesomea, na mtoto wa Unguja hakimbii kiza. Ninachokusudia ni maji. Na kwa sisi tulioko nchi za baridi ni maji na joto, maana huku viwili hivyo vikiondoka pamoja watu hufa.

Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Wiki nne kamili. Kisiwa chote kilikuwa kikitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, uliowekwa mwaka 1980. Wakati huo mama yangu alikuwa anakaa ghorofa ya nne, Michenzani. Mfereji ulikauka mapema, kwa sababu maji ya mjini mengi yanavutwa visimani kwa pampu, na pampu bila umeme ni chuma tu. Nikimpigia kwa kadi za simu, zile za dakika kumi ambazo sita zinaliwa na kampuni, ananambia, "Mwanangu, giza si kitu, ngazi ndizo zinazotuuwa." Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mama umri wake ulikuwa umeshapita sitini. Wajukuu ndio waliokuwa wakipandisha, kabla ya skuli na baada ya skuli.

Nikafanya nini mie mtoto wa Marekani? Nilifanya kama mlivyofanya nyote. Nikakopa, nikatuma dola, ikanunuliwa jenereta. Ilisifiwa sana. Taa ziliwaka, nusu ya jengo walikuja kuchaji simu, na jirani mmoja akaleta samaki wake kwenye friji. Maji je? Hata tone. Pampu inayopeleka maji mjini haiko chumbani kwa mama. Na walipojaribu kuwasha kwa jenereta ile pampu ndogo ya jengo, mashine ikakoroma ikazima, maana mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko ule inaoutumia ikishakaa sawa. Hilo nilikuja kulijua baadae, pesa zimeshakwenda.

Ikafika tarehe 10 Disemba 2009, umeme ukakatika tena. Mara hii miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Nikatuma pesa za petroli. Nikatuma za matengenezo. Jenereta ile mwisho wake iliwekwa stoo, ikawa pahala pa kuku kutagia.

Sasa nije huku kwetu "kulikoendelea". Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021 gridi ya Texas ilielemewa na baridi, mitambo ikaanza kuanguka mmoja mmoja, wakaamua kuwakatia watu umeme ili gridi yote isizame. Nyumba na biashara zaidi ya milioni nne zilikaa bila umeme, nyengine siku tatu na zaidi. Houston, mji wa joto na mbu kama Dar, ulishuka hadi nyuzi kama 10 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Kwangu gesi ilikuwepo, lakini joto halikuwepo, kwa kuwa feni inayosukuma joto vyumbani inataka umeme. Bibi mmoja wa Kimeksiko anayekaa chini yetu ndiye aliyetuokoa. Alitugongea mlango mapema, akasema tujaze maji kwenye beseni la kuogea na kila chombo, na mifereji tuiache idondoke kidogo kidogo. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na bomba halina pa kutanukia, linapasuka. Waliopuuza waliona dari zao zikimwaga maji kama mvua ya masika barafu ilipoanza kuyayuka. Kwenye jengo letu bomba lilipasuka ghorofa ya juu, na wapangaji wote, watu wazima na digrii zetu, hakuna aliyejua valvu kuu ya kufungia maji iko wapi. Ofisi ya mwenye nyumba simu ilikuwa haipokelewi. Tuliitafuta kwa tochi ya simu karibu saa nzima.

Kisha presha ya maji ya mji ikaanguka. Tarehe 17 tukatangaziwa tuchemshe maji kabla ya kuyanywa, na amri hiyo haikuondolewa mpaka tarehe 21. Tuchemshe kwa nini, na jiko ni la umeme?

Na hapa nataka niseme jambo la aibu kidogo. Mie nna seredani, nililileta kutoka nyumbani kwa ajili ya mishikaki. Usiku wa pili, watoto wanatetemeka, nililitia mkaa nikawa nalipeleka ndani. Mke wangu ndiye aliyenizuwia mlangoni. Kwetu jiko la mkaa linakaa uani, au jikoni penye matundu, na upepo unapita. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Ule mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, unalala na huamki. Wiki ile Houston walikufa watu kwa njia hiyo, kwa mkaa, kwa jenereta na kwa gari zilizowashwa ndani ya gereji, na miongoni mwao walikuwemo wahamiaji kutoka Afrika kama sisi. Serikali ya Texas yenyewe ilihesabu vifo 246 kutokana na baridi ile. Jenereta inakaa nje, mita sita au zaidi kutoka madirishani, na mkaa hauingii ndani hata mtoto alie vipi. Waambieni na wageni wanaofika mwaka huu.

Lakini kilichonikera zaidi si baridi. Ni kwamba walijua. Februari 2011 Texas ilipata baridi iliyoangusha mitambo, wakaandika ripoti, wakashauri mitambo ivishwe kinga ya baridi, na ushauri ukabaki ushauri. Mji wa El Paso, ambao uko Texas lakini umeungwa na gridi ya magharibi, ulijitayarisha baada ya 2011, na 2021 wakaazi wake walipata shida ndogo tu. Linganisheni na sisi. Tulionywa Mei 2008, na Disemba 2009 ukatukuta vile vile.

Tofauti ni iliyofuata. Huku baada ya maafa wale makamishna watatu wa tume inayosimamia umeme waliondoka wote kwenye viti vyao, na Juni 2021 ikapita sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe na baridi. Kwetu tulisubiri fedha za Wamarekani, na mwaka 2013 tukapata waya mpya wa megawati 100. Nashukuru, sikatai. Pemba nao walikuwa wameshapata wa kwao kutoka Tanga mwaka 2010. Hata hivyo umeme mwingi wa Unguja bado unavuka bahari, na pampu za maji bado zinausubiri.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kutoka kwenye chemchemi za kaskazini yakiteremka kwa mifereji. Hapakuwa na pampu ya umeme. Simsifu ufalme wake, msinirukie, nasema maji yalikuwa yanashuka kwa uzito wake wenyewe.

Basi hoja yangu ni hii. Tuache kutuma jenereta za chumba kimoja kimoja. Fedha za jenereta kumi za mtaa mmoja zikikusanywa, mtaa unaweza kuanza kisima, pampu ya jua na tangi lililonyanyuliwa. Pampu ya jua haihitaji betri, inavuta mchana na kujaza tangi, na usiku maji yanashuka yenyewe. Kila mita 10 za urefu zinatoa presha ya karibu baa moja, inatosha mfereji wa uani. Kwa hesabu ya watu wa misaada, mtu katika dharura anahitaji angalau lita 15 kwa siku. Familia ya watu sita ikiwa na tangi la lita 1,000 inavuka siku kumi na moja. Ila angalieni pa kuliweka, tangi hilo likijaa ni tani nzima, na mapaa yetu mengi hayakujengwa kubeba hivyo.

Najua atakayesema kazi hiyo ni ya serikali, na sisi tukiifanya tunawapumzisha wakubwa. Nimelifikiri sana na sehemu yake ni kweli. Lakini jenereta ndizo zinazowapumzisha zaidi. Kila mwenye jamaa nje akishapata taa yake, anayebaki kulalamika ni yule asiye na mtu, na sauti yake haifiki. Kisima cha mtaa kina kamati, kina daftari, watu wanakaa na kuulizana. Kamati hiyo hiyo ndiyo ya kumuuliza mgombea akija kuomba kura: waya ukikatika kesho, hospitali na skuli zitapata wapi maji, na kwa siku ngapi?

Mie nimeshamwambia ndugu yangu aiuze ile jenereta kwa fundi wa vipuri. Ameniuliza kuku watatagia wapi.