Tusisingizie Mtandao
Ukurasa ukikwama hapa Juba, sisi wanafunzi wa kompyuta husingizia mtandao. Naam, mkongo wa mawasiliano ulitufikia 2020 tu, kupitia Uganda. Lakini bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao kwenye kivinjari, kisha uache ukurasa wako wa Ajax bila kuugusa. Maombi yanamiminika! Msimbo wetu unaiuliza seva kila sekunde mbili kama kuna jipya: mara 1,800 kwa saa. Kila safari ikibeba kilobaiti mbili za vichwa na vidakuzi, ni megabaiti 3.6 za kujibiwa “hakuna”. Anayelipia bando hilo ni mtu aliyefungua kuangalia ratiba tu. Kwa nini tusiulize kila dakika moja, au pale anapobonyeza mwenyewe?