MTU WA MVUKE SI KIBARUA



Kuna waajiri wa viwanda vya nguo wasemao kwamba mtu wa mashine ya mvuke hana ufundi wo wote. Mfumaji ni fundi, mtia rangi ni fundi, lakini huyu "anafungua koki tu." Basi huandikwa kibarua, na jioni hulipwa sawa na aliyefagia uwanja. Neno hilo ni la uongo, nami nitaonyesha kwa nini.

Watu wa Meru na Embu wataniuliza: yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Pamba hulimwa kwetu, Tharaka na Mbeere, lakini nguo hufumwa na kumalizwa mbali, Thika na Eldoret, na vijana wetu huenda huko kutafuta kazi. Kisha majora huletwa kwetu kwa lori, na fundi wa cherehani wa Makutano au wa mji wa Embu huyakata kuwa sare za shule.

Sasa sikilizeni kazi ilivyo. Uzi ukiwa katika mashine ya kufuma huvutwa. Nguo ikipaushwa na kutiwa rangi huvutwa tena. Hutoka ndefu, lakini urefu ule ni wa mkopo. Siku ya kwanza kufuliwa nyumbani nyuzi hulegea na nguo hurudi, ikawa fupi. Ili isirudi, mtu wa mvuke huilowesha kwa mvuke na kuipitisha juu ya mkanda mnene wa mpira uliovutwa. Mkanda ukijikusanya, nguo hukusanyika pamoja nao, kisha hukaushwa juu ya silinda iliyojaa joto la mvuke. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani, Sanford Cluett, karibu na mwaka 1930. Ikifuatwa vizuri, nguo hairudi hata sehemu 1 katika 100.

Lakini nguo ikiwa kavu mno haikubali kukusanywa. Msimamizi akiharakisha mashine ili apate majora mengi, mvuke haupenyi. Anayejua haya ni yule yule aitwaye kibarua, kwa macho yake na kwa mkono wake.

Hapa ndipo siri ilipo. Nguo huuzwa kwa mita. Mita 100 ambazo zingekusanywa kuwa 95 zikiachwa vile vile, kiwanda kimeuza mita 5 za hewa. Anayezilipia ni mzazi wa Meru. Suruali ya inchi 40 ikirudi sehemu 5 katika 100 imepungua inchi 2, na mtoto aenda shule vifundo vikiwa nje. Mzazi amgombeza nani? Amgombeza fundi wa cherehani, asema ameiba kitambaa. Mfanya kazi agombana na mfanya kazi, na aliyekula mita zile amekaa kimya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waajiri hujibu: mitumba inatuua tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, hatuna fedha ya kuongeza mishahara. Kweli mitumba imefunga viwanda vingi. Lakini mwulizeni mama sokoni Chuka kwa nini aipenda. Atasema ni rahisi, tena imekwisha kufuliwa, haitarudi tena. Basi mwenye kiwanda anayebana kazi ya mvuke anaisaidia mitumba kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi ni mtu wa reli. Mvuke ulikwisha kwetu kabla sijazaliwa, lakini wazee wa kazi walitufundisha heshima yake. Injini 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima yetu, zilichoma mafuta. Fayamani wake hakutupa makaa kwa sepeto. Alifungua koki za mafuta na za maji! Lakini maji yakishuka kupita kiasi boila ilikuwa hatari ya kuua, kwa hiyo alifunzwa na kupimwa. Koki haipimwi kwa wepesi wa kuifungua, bali kwa kinachotoka ukikosea. Tena mvuke si maji ya moto tu. Ukigusa ngozi na kugeuka maji, hutoa joto zaidi ya mara 5 ya lile linalopandisha maji hayo hayo kutoka digrii 0 hadi 100.

Kwa hiyo tudai mambo matatu.

Kwanza, mtu wa mvuke atolewe katika daraja la kibarua wa kawaida. Amri ya mishahara ya serikali ina daraja la mwangalizi wa mashine na madaraja ya mafundi juu yake. Asiwekwe chini ya haki yake.

Pili, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ifuatwe. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na boila ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Wajumbe wetu waombe kuona cheti, wasiridhike na maneno.

Tatu, mtu wa mvuke awe na amri ya kupunguza mwendo wa mashine nguo isipokamilika, bila kutishwa kufukuzwa.

Na wewe fundi wa cherehani, jora likirudi usinyamaze. Liandike, upeleke habari kwa chama. Mwenzako wa kiwandani si adui yako. Nyote wawili mmeibiwa mita zile zile.

Umoja ni nguvu.