Chunusi Bado Hana Uso

Karibu nusu ya michoro iliyotufikia kwa ajili ya toleo hili ilikuwa papa. Tuliomba mwindaji wa kubuni anayeishi kwenye maji ya Mabogini. Tukaletewa papa mwenye pembe, papa mwenye mabawa, na mmoja mwenye macho mekundu kama taa za nyuma za bodaboda. Sijui angegeukaje kwenye mfereji ambao mtoto wa darasa la pili anauruka.

Maji yetu yakishafika majarubani ni rangi ya chai ya maziwa. Humo jicho halina kazi kubwa. Mtazame kambare: macho madogo, lakini sharubu nane, na kwa hizo anapapasa na kuonja gizani. Hana magamba. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana jaruba likikauka hafi upesi. Usiku wa mvua hujikokota juu ya tope, akijikita kwa miiba ya mapezi, hadi dimbwi jingine. Mchoraji amrefushe afike mita nne tu, mengine ayaache yalivyo, na mimi sivuki mfereji usiku.

Ajabu ni kwamba mla watu wa majini tunaye tangu zamani. Chunusi ametutishia utoto wetu wote, usiende kwenye kina, lakini uliza ana miguu mingapi uone watu watakavyotazamana. Wajapani, ambao fedha zao zilijenga mifereji yetu ya mradi wa Lower Moshi miaka ya 1980, wana wa kwao, kappa, mwenye kazi ileile. Ila wachoraji wao walimkalisha chini wakampa mwili: gamba la kobe mgongoni, kisahani cha maji utosini. Maji yakimwagika, nguvu zimekwisha. Kisahani hicho nakihusudu kuliko meno yote niliyoletewa.

Mchoro tuliouweka ukurasa wa nne ni wa penseli, umechorwa nyuma ya karatasi ya kalenda. Mpunga, maji yaliyotulia, jembe limelazwa juu ya tuta. Sharubu zinachungulia kati ya mashina, nikazihesabu, nane. Mwili nikautafuta nisiuone. Kisha nikagundua kuwa matuta mengine yote yameota nyasi, isipokuwa lile lenye jembe.