Brian May na mzigo wa jina la Queen

KWA wapenzi wengi wa muziki Afrika Mashariki, habari za bendi ya Queen huanza na kuishia kwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Ni haki yao. Lakini tangu mwimbaji huyo alipofariki Novemba 24, 1991, swali zito limebaki mikononi mwa mpiga gitaa la solo, Brian May: je, bendi iendelee kuitwa Queen ilhali sauti iliyoitangaza duniani imenyamaza?

Wanaopinga wana hoja. Mpiga besi John Deacon alijiondoa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakabaki May na mpiga ngoma Roger Taylor. Walimleta Paul Rodgers, wakatoa naye albamu moja mwaka 2008. Baadaye wakamchukua Mmarekani Adam Lambert, aliyejaza kumbi na viwanja kwa miaka mingi bila kurekodi nao hata albamu moja ya nyimbo mpya. Kwa kipimo hicho, Queen imegeuka mlinzi wa makumbusho yake yenyewe.

Hata hivyo, kumwona May kama ndugu aliyekalia mali ya marehemu ni kumwonea. Mlio wa bendi ile ulitoka katika gitaa ambalo yeye na baba yake walianza kulitengeneza nyumbani mwaka 1963, shingo yake ikichongwa kwa mbao kuukuu. Hulipiga kwa sarafu ya peni sita, si kwa kipande cha plastiki, na studioni alirekodi tabaka juu ya tabaka hadi gitaa moja likasikika kama kundi zima. We Will Rock You, wimbo ambao viwanja vya soka huupigia makofi, ni utunzi wake.

Wala si mtu aliyekosa pa kwenda. Masomo ya fizikia ya anga aliyoyaacha miaka ya 1970 aliyarudia, akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2007 kwa utafiti wa vumbi linalolizunguka jua.

Septemba 2024 alitangaza kwamba amepata kiharusi kidogo kilichoudhoofisha mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Waimbaji wapya walipatikana mara mbili. Mpiga solo, tangu 1970, amekuwa huyo huyo. Aprili 2025 alipanda jukwaani katika tamasha la Coachella, California, na gitaa lake la nyumbani.