Bwawa la jua: faida iko kwenye kidhibiti, si kwenye wingi wa paneli

Wenye hoteli za Nairobi na Arusha wanaijua hasara ya Juni hadi Agosti. Mgeni hulipia chumba, hutia mguu bwawani, kisha huutoa. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Nairobi karibu mita 1,700, na katika miezi hiyo usiku huwa wa baridi na mawingu hutanda. Kwa sababu hiyo, kupasha maji ya bwawa kwa jua ni uwekezaji wenye maana zaidi huko kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Hata hivyo, mnunuzi akifika kwa muuzaji huonyeshwa paneli kwanza. Hupatana bei kwa mita ya mraba, na mwisho kabisa hutajiwa kidhibiti kama kitu cha hiari. Fedha zikipungua, kidhibiti ndicho kinachofutwa kwenye ankara. Huo ni ubahili unaomgharimu mwenye mali.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, huchukua lita 48,000. Kuyaongezea maji hayo nyuzi 1 ya Sentigredi kunahitaji joto sawa na uniti 56 hivi za umeme. Jua hulitoa joto hilo bila malipo. Lakini pampu ikiendelea kupeleka maji ya uvuguvugu kwenye paneli baada ya jua kuzama, paneli hugeuka kipoozeo. Joto lililokusanywa mchana hurudi angani usiku, na bili ya pampu inabaki palepale.

Kazi ya kidhibiti ni kuzuia hasara hiyo. Hutumia vipima joto viwili: kimoja kwenye bomba linalotoka bwawani, kingine juu ya paa kando ya paneli, mahali penye jua lilelile. Paa likizidi bwawa kwa nyuzi kadhaa, kidhibiti huzungusha vali yenye mota na maji hupanda kwenye paneli. Tofauti ikipungua sana, vali hurudi na maji hukatisha njia. Kiwango cha kuwasha huwekwa juu ya kile cha kuzima, ili vali isifunguke na kufunga kila wingu linapopita. Bwawa likifikia joto lililopangwa, tuseme nyuzi 28, kazi husimama.

Wapo wanaosema mhudumu wa bwawa anaweza kufungua vali kwa mkono, kwa kuwa mshahara wake unalipwa vyovyote vile. Hoja hiyo ingefaa penye jua la kutabirika. Julai ya Nairobi jua huweza kuchomoza kwa nusu saa, likajificha, kisha likarudi alasiri. Mhudumu ana taulo za kugawa na majani ya kuokota. Swichi ya saa nayo haioni mawingu. Huwasha pampu saa tatu asubuhi, jua liwepo lisiwepo.

Kosa jingine ni la wenye mali wenyewe. Hugusa maji yanayorudi, huona si ya moto, kisha humwamuru fundi apunguze mwendo wa maji. Kumbe maji mengi yanayorudi yakiwa yameongezeka nyuzi chache tu ndiyo yanayobeba joto jingi, kwa sababu paneli isiyo na moto mkali hupoteza kidogo hewani.

Kidhibiti hakileti joto pasipo na jua, wala hakifidii paneli chache mno. Wizara ya Nishati ya Marekani hushauri eneo la paneli liwe kati ya nusu ya uso wa bwawa na uso wote. Kwa bwawa lililotajwa, mita za mraba 16 hadi 32. Wizara hiyo inakadiria pia kwamba kifuniko cha bwawa huweza kupunguza gharama za kupasha kwa asilimia 50 hadi 70. Mwenye fedha kidogo na aanze na kifuniko na kidhibiti, paneli aongeze baadaye.

Kabla ya kusaini, mnunuzi adai mambo matatu kwa maandishi: kidhibiti chenye vipima joto viwili kiwe ndani ya bei, kipimo cha paa kisifungwe kivulini, na kuwe na kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Muuzaji anayekataa masharti hayo anauza plastiki nyeusi ya kufunika paa, na mwekezaji mdogo hana sababu ya kuilipia kama mtambo.