X-Men, Ororo na kijiji kilichoachwa bila mvua



Wapo watakaosema katuni ni mambo ya watoto, na sisi watu wazima tuzungumzie katiba, uraia pacha na bei ya mchele. Haya, lakini watoto wetu tuliowazaa ughaibuni hawakujifunza maana ya kuwa mgeni kutoka kwenye hotuba za viongozi. Wengi wao walijifunza kwa X-Men, kwenye televisheni na sinema. Kwa hiyo tusizidharau.

Kitabu cha kwanza cha X-Men kilitoka 1963, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Mwaka ule ule, mwezi Desemba, Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 na Kenya tarehe 12, lakini mle kitabuni hakukuwa na Mwafrika hata wa kupita njia. Walikuwa vijana watano wa Kimarekani, weupe wote, katika shule ya binafsi ya Profesa Charles Xavier huko New York. Walizaliwa na nguvu za ajabu na jamii ikawaogopa kwa sababu ya kuzaliwa kwao tu, si kwa jambo walilolitenda. Wazo lilikuwa zuri, ila biashara ilidoda. Kufikia 1970 kampuni ya Marvel ilikuwa imeacha kutunga hadithi mpya za kundi hili, ikawa inachapa upya zile za zamani kwa miaka mitano.

Nani aliwafufua? Wageni! Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum waliunda kundi jipya: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani, Muairishi, mwenyeji wa asili wa Marekani wa kabila la Apache, na mwanamke aliyechukuliwa Kenya. Uandishi ukakabidhiwa Chris Claremont, ambaye mwenyewe alizaliwa London akapelekwa Marekani akiwa mdogo, na akaushikilia hadi 1991. Mwaka huo toleo la kwanza la mfululizo mpya liliuza nakala zaidi ya milioni 8, rekodi ya dunia kwa kitabu kimoja cha katuni. (Walitoa majalada tofauti tofauti, na watu wakanunua yote. Biashara ni biashara.) Mwaka 1992 wakaingia kwenye televisheni, na mwaka 2000 kwenye sinema.

Sinema ile inaanzia kwenye kambi ya Wanazi nchini Poland, 1944, mtoto wa Kiyahudi akitenganishwa na wazazi wake. Muda si mrefu tunamwona seneta wa Marekani akidai watu wa aina ya X-Men waandikishwe na serikali, kwa usalama wa taifa. Miaka miwili baadaye, 2002, serikali ya Marekani ya kweli ikaanzisha uandikishaji wake. Wanaume wa miaka 16 na zaidi kutoka nchi zilizotajwa, waliokuwa Marekani kwa viza za muda, walitakiwa kwenda kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kuhojiwa. Orodha ilifikia nchi 25, zote za Waislamu wengi isipokuwa Korea Kaskazini. Oman ilikuwemo, Falme za Kiarabu zilikuwemo, Somalia ilikuwemo. Mswahili mwenye pasi ya Oman aliyekuwa anasoma huko alihesabiwa humo humo, awe anazungumza Kiswahili cha Ng'ambo au cha Wete. Mpango ule ulisimamishwa 2011 na kufutwa kabisa Desemba 2016. Sisemi waandishi wa sinema walikuwa watabiri. Nasema walijua historia, na anayejua historia hashangai sana.

Sasa nije kwa yule mwanamke wa Kenya, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Jina lake ni Ororo, na sisi tunajua ororo kwetu ni laini. Wamarekani wakampa jina la kazi, Storm, yaani Dhoruba. Mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, baba yake Mmarekani. Tunapomkuta mara ya kwanza, 1975, anaabudiwa kama mungu na watu wenye ukame, anawaletea mvua. Kenya ya mwaka huo ilikuwa na bunge, chuo kikuu, magazeti, na ilikuwa inamlilia J.M. Kariuki aliyeuawa mwezi Machi. Kitabuni kuna nyika na watu waliopiga magoti.

Basi anafika Profesa Xavier na kumwambia, kwa ufupi, wewe si mungu, una kipaji, na kipaji chako ni cha dunia nzima. Anakubali, anaondoka. Ukurasa unafuata mwingine. Jamani, na wale waliokuwa wanangoja mvua? Nani aliwauliza?

Tusidanganyane, hii ni hadithi ya hospitali zetu. Nesi anasomeshwa kwa kodi ya mkulima, kisha anafika mtu mwenye maneno mazuri na tiketi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza angalau zilitia saini makubaliano juu ya wahudumu wa afya kwenda kufanya kazi Uingereza. Unaweza kuyapenda au kuyachukia, lakini kuna karatasi ya kubishania. Xavier hakutia saini na mtu yeyote.

Wala simlaumu Ororo kwa kuondoka, ningekuwa mnafiki, nami naandika haya nikiwa Leicester. Alipanda hadi kuliongoza kundi, na mwaka 1986 alimshinda Cyclops katika kugombea uongozi akiwa hana nguvu zake hata chembe. Kabla ya hapo, 1985, Claremont alimrudisha Afrika, katika kijiji ambacho ardhi yake haiwezi tena kuwalisha watu wake. Amerudi, na safari hii mvua hana. Wangapi kati yetu tunaahirisha safari ya nyumbani kwa hofu hiyo hiyo, ya kushuka uwanja wa ndege mikono mitupu? Ni hadithi nzuri kuliko zote walizomwandikia. Lakini baada yake alirudi kwa Xavier, na kijiji kikabaki kilipo.

Katika sinema ya 2000 Halle Berry alijaribu kumpa lafudhi ya Kiafrika. Kufikia ya 2003 lafudhi imeyeyuka, na Kenya nayo. Ningelipa kiingilio kuangalia sinema moja inayoanza siku ya pili baada ya Ororo kuondoka, pale pale kijijini, watu wakizungumza lugha yao na kuulizana mbegu wazipande au wazile.

Naomba kutoa hoja.